Ndoo Yenye Uso wa Mwanangu

Lorraine amekufa. Mzee Kev, ambaye zamani nilimhudumia mkewe, alinipigia simu nikiwa stesheni ya Guildford hapa Sydney, mfuko wa mboga mkononi, akaniambia kwa ile sauti ya kunong'ona ambayo Wazungu wa huku wanaitumia wakitaja msiba. Kabla sijasema pole akaongeza kwamba klabu itakusanyika kumkumbuka, na wangefurahi sana kama na mimi ningesimama niseme maneno mawili matatu, "kwa sababu wewe na Lorraine mlikuwa na kitu chenu." Kitu chetu! Nilicheka mpaka mama aliyekaa kwenye benchi akasogeza mkoba wake. Nikamwambia siji. Akauliza kama nina shifti. Nikasema sina shifti, siumwi, sisafiri, sitaki tu. Nilipofika nyumbani nikamsimulia Wambui, nesi Mkenya ninayeishi naye nyumba moja, naye alikuwa anasonga ugali, hata hakugeuka. "Si ungeenda tu ukule keki, Mama Keza? Yeye amekufa, wewe uko hai. Umeshinda." Nikamwambia sijashinda chochote, kufa hata watu wazuri wanakufa. Basi hayo maneno mawili matatu nayaandika hapa, kwa lugha ambayo Lorraine hakujua neno lake hata moja isipokuwa "jambo", ambalo alikuwa ananirushia kila asubuhi kama mtu anayeita mbwa.

Sitaeleza nilizaliwa wapi, wala nililelewa kambi gani, wala tulikula nini huko. Hayo Lorraine aliyasimulia vya kutosha kwa niaba yangu, na mengi aliyatunga. Naanzia mwaka niliokutana naye. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, Keza wangu ana minne, na ejensi ya wahudumu wa wagonjwa ilinipa kazi ya kumhudumia Bibi Beryl, mke wa Kev, kule Toongabbie. Bibi Beryl alikuwa amepooza upande mmoja na maneno yake yalikuwa yamebaki machache: chai, hapana, na mjinga, hili la mwisho likiwa la mumewe. Kando ya nyumba yao liliegeshwa gari-nyumba, yaani yale magari marefu meupe yenye kitanda, jiko na choo ndani, ambayo wazee wa huku wakistaafu wanayanunua na kuzunguka nayo nchi nzima. Kev hakutaka kuliuza. Alisema Beryl akiliona halipo atajua kwamba mambo yameisha. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi tulikuwa tunampandisha na kiti chake cha magurudumu, tunamfunga mkanda, tunaelekea kwenye mkutano wa klabu ya wenye magari-nyumba, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo pembezoni mwa Sydney. Wambui alikuwa na shifti zake za wikendi hospitali, sikuwa na wa kumwachia mtoto. Kev akasema, "Mlete, nafasi ipo." Keza alilala juu, kwenye kile kitanda kilicho juu ya kichwa cha dereva, na mimi chini, kwenye benchi la meza. Ndani mlinukia gesi, sabuni ya mikono na mbwa aliyekufa zamani. Kila kabati lilikuwa na komeo, na usipolifunga, gari likikata kona vikombe vyote vinakuja kukusalimia. Nililipenda gari lile. Nasema ukweli, nilipenda mikutano yenyewe pia, na ndiyo maana hasira yangu haipoi. Mtu akikuumiza mahali usipopapenda unaondoka tu.

Magari yalikuwa yanapangwa duara, na katikati, saa kumi jioni, kila mtu anakuja na kiti chake cha kukunja, kinywaji chake na kisahani chake. Jibini, biskuti za chumvi, viazisukari vya makopo, keki za nazi, na soseji zilizokunjwa ndani ya mkate mweupe na vitunguu vilivyoungua kidogo, ambazo Keza alikuwa anazila mpaka namfuta sosi masikioni. Halafu kengele inapigwa, na mahakama inaanza. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yao ya kuchangisha pesa za hisani. Jaji alikuwa Lorraine, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kufika barabarani, amejivika kichwani nyuzi za dekio la sakafu kama wigi la mahakimu wa Kiingereza, na kengele ya shule mkononi. Mtu yeyote aliruhusiwa kumshtaki mtu yeyote, hata mgeni angeweza. Unainuka, unapiga kengele, unataja kosa. Mshtakiwa hakatai, hakuna wakili, na anayeshtaki ndiye anayechagua adhabu: ama utie kitu kwenye ndoo, ama ufanye jambo la kuchekesha kwanza halafu ndoo izungushwe. Bwana mmoja alishtakiwa kwa kuvaa soksi na kandambili. Mama mmoja alishtakiwa kwa kununua keki dukani na kuihamishia kwenye bati lake ili aonekane ameoka, akahukumiwa kuzunguka duara akiwa amebeba bati kichwani huku akiimba. Kev alishtakiwa kwa kutukanwa na mke wake kimyakimya wakati anarudisha gari nyuma. Jaji akamuuliza Bibi Beryl, "Ni kweli?" Bibi Beryl akafikiri, akasema, "Mjinga." Watu walilia kwa kicheko, Kev mwenyewe akafuta machozi. Na mimi nilicheka, niliyeketi nyuma ya kiti cha bibi nikiwa nimeshika kikombe chake chenye mdomo wa kunyonyea. Nikajisemea kumbe watu hawa wana moyo. Niliuliza pesa zinaenda wapi. Lorraine akaniangalia kama nimeuliza jua linatoka wapi. "Afrika, mpenzi." Afrika ipi? "Watoto," akasema.

Keza walimpenda upesi. Lorraine akamfanya karani wa mahakama, kazi yake kuzungusha ndoo, ile ndoo ya manjano ya plastiki ya kuoshea magari, na Keza alikuwa anaiburuta kwa mikono miwili huku ulimi umetoka pembeni, akifika kwa kila kiti anasema "asante sana" kabla hata hawajatia. Nilikuwa nimemnunulia viatu vyekundu vya turubai. Mwanangu hakuwahi kutoka nje bila viatu. Hilo kwangu halikuwa la mjadala, anayejua nilikotoka anajua kwa nini. Sasa, wajukuu wa wanaklabu wote walikuwa wanakimbia pekupeku. Huku mtoto wa daktari anaingia dukani pekupeku, baba yake yuko nyuma pekupeku naye, hakuna anayegeuka kuwaangalia. Asubuhi moja Lorraine akapita na kikombe chake cha chai, akaniambia, "Mvue viatu, mpenzi. Mwache asikie nyasi. Utoto ndio huu." Nikajiona mshamba. Nikamvua. Wala hakufika mbali: majani ya hapa Sydney yana mbigili ndogo usizoziona mpaka zimekuchoma, na Keza alizikanyaga kwa miguu yote miwili. Akasimama katikati ya uwanja, hawezi kwenda mbele wala kurudi, kamasi zinamshuka, kanzu ya kulalia imeingia tope chini, ananiita. Mimi nilikuwa namshikilia Bibi Beryl ngazini, siwezi kumwachia. Nilipofika kwa mtoto, Lorraine alikuwa ameshafika na ameshapiga picha. Nikadhani ni mambo ya bibi na mjukuu. Nikamshukuru. Hilo la kumshukuru linanichoma kuliko mbigili.

Mkutano uliofuata nikaikuta ndoo mezani, na uso wa mwanangu umebandikwa ubavuni. Machozi, kamasi, tope, miguu. Siku ile nyuma yake palikuwa na magari-nyumba ya thamani ya nyumba nzima, na wajukuu wa Lorraine mwenyewe pekupeku, lakini hayo yote yalikuwa yamekatwa kwenye picha. Chini yake palikuwa na maneno ya wino mweusi: Huyu ni Keza. Hana viatu. Msaidie. Nilisoma nikarudia. Keza naye alijitambua, akafurahi, "Mama, ni mimi!" akiongea Kiingereza kama kawaida yake. Nikamfuata Lorraine garini kwake, alikuwa anamenya mayai ya kuchemsha.

"Bi Lorraine, ile picha itoe."

"Ni nzuri mno, mpenzi. Kila mtu ameipenda."

"Mwanangu ana viatu. Wewe ndiye uliyesema nimvue."

"Najua, lakini tazama, pale hana. Sijadanganya." Akachovya yai kwenye chumvi. "Nilifundisha miaka mingi, nakuambia kitu kimoja: watu hawatoi kwa mtoto anayecheka. Ni mchezo tu. Ungejivunia, anasaidia wenzake."

"Wenzake wepi?"

Alinipa yai. Nilitoka nalo mkononi kama mpumbavu, nikaenda kwa Kev, nikamwambia zungumza na huyu mwanamke. Kev akatazama dirishani, Bibi Beryl alikuwa amelala mdomo wazi. "Mama Keza," akaniita hivyo, kwa kuwa nilimfundisha, "Beryl hana kingine kilichobaki ila mikutano hii. Usiniletee vita." Na mimi nilihitaji ile kazi, basi nikanyamaza. Mkutano ule ukapita na mwingine ukapita, ndoo inazunguka, Keza anaiburuta uso wake mwenyewe ukiwa ubavuni, watu wanamwambia "masikini mtoto mzuri", naye anaitikia asante sana. Nilisikia mama mmoja akimnong'onezea mwenzake kwamba nimemvusha mtoto jangwani kwa miguu. Jangwa gani, sijui. Nilikuja kwa ndege, Keza hakuwa amezaliwa.

Kilichonitoa kwenye unyamavu ni siku moja madukani Auburn. Tulienda kununua nyama ya mbuzi na kisamvu cha kugandishwa, na nikiwa kwenye foleni ya bucha nikageuka, mtoto hayupo. Alikuwa mlangoni na glasi ya karatasi aliyomaliza kunywea juisi, ameinyoosha kwa kila anayeingia. Amevua viatu vyake vyekundu, ameviweka vizuri kando ya ukuta. "Mimi ndiye Keza," anawaambia, kwa sauti ileile ya mahakamani. "Sina viatu. Nisaidie." Baba mmoja mwenye ndevu nyeupe alikuwa ameinama anatia sarafu, akaniona nikija mbio, akaelewa kuwa mimi ndiye mama, na jinsi alivyonitazama, kwa huruma, bila kulaumu, sitaisahau mpaka nakufa. "Dada, mnaishi wapi? Mnahitaji kitu?" Nikamwambia hatuhitaji. Nilishindwa hata kumfunga mtoto kamba za viatu. Nikamuuliza Keza kwa Kiswahili nani amemwambia afanye hivi. Akanijibu kwa Kiingereza, akanishangaa, kama namuuliza jambo analojua kila mtu: "Hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi ndiye mtoto maskini."

Usiku ule Wambui alipoweka chakula mezani sikula. Nilimsimulia, akatupa kijiko kwenye sinki. "Manze, hawa wazee wamefanya mtoto ombaomba, na wanamlipa na soseji! Wewe umekaa tu? Mimi ningemwaga hiyo ndoo kwa kichwa yake na hiyo dekio yake."

"Nikimwaga, mimi ndiye mkorofi. Watasema Mwafrika ana hasira, Lorraine atalia, kila mtu atamkumbatia."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo namshtaki."

"Polisi? Polisi hawana time ya picha ya mtoto."

"Siendi polisi. Namshtaki kwake."

Wambui akanitazama, halafu akaanza kutabasamu polepole. "Mama Keza," akasema, "wewe ni mtu mbaya."

Tangu siku ile Keza hakugusa glasi ya karatasi bila mimi kumshika mkono, na kila usiku nilimwambia, wewe si mtoto maskini, wewe ni mtoto wa Jaki, yaani mimi mama yako, na kila usiku ananijibu, "Lakini Lorraine alisema." Hapo ndipo nilipojua kwamba maneno yangu peke yangu hayatoshi. Lazima Lorraine mwenyewe ashuke, na mtoto amwone akishuka. Kuitoa picha kwa siri kungekuwa kazi rahisi. Mimi nilitaka itoke mbele ya watu, kwa sababu iliwekwa mbele ya watu.

Mkutano mkubwa wa mwisho wa mwaka magari yalijaa uwanja, yametoka mpaka majimbo mengine. Ile picha walikuwa wameikuza, imekuwa bango la ukubwa wa mlango, imetundikwa kwenye gari la Lorraine. Kamasi za mwanangu zilikuwa na urefu wa mkono wangu. Nilimwogesha Bibi Beryl, nikamvalisha gauni lake la bluu, nikamchana nywele, nikampa chai. Nikamfunga Keza viatu vyake vyekundu, mafundo mawili mawili. Nilipika uji na kuosha sufuria. Wambui baadaye aliniuliza niliwezaje kutulia. Sikutulia, nilikuwa nasubiri saa kumi.

Najua watu wanapenda hadithi ambayo mwishoni mtu anasamehe. Kev mwenyewe nadhani ndicho alichokuwa anangoja kwa simu ile, nisimame niseme Lorraine alikuwa na nia njema. Alikuwa nayo, ndiyo. Nia yake njema ilimfundisha mwanangu kunyoosha mkono bucha. Baada ya siku ile ya mahakama ejensi ilinihamisha, kwa sababu Kev alisema hali imekuwa ngumu, na sikumwona tena Bibi Beryl mpaka kwenye mazishi yake, na hilo ndilo pekee ninalolisikitikia katika yote. Lorraine sikumwonea huruma wakati ule na simwonei sasa. Kama walikuwa wananitaka niseme maneno, haya ndiyo.

Kengele ilipigwa. Walishtaki wawili watatu, watu wakacheka, mtu akaimba. Halafu nikatoka nyuma ya kiti cha magurudumu, nikaingia katikati ya duara, nikamwomba Lorraine kengele. Alinipa kwa furaha. "Hatimaye!" akawaambia watu. "Nilidhani hatazungumza kamwe!" Wakapiga makofi. Nikaipiga.

"Namshtaki Jaji," nikasema.

Vicheko, miluzi. Mtu akapiga kelele, "Mfunge!" Lorraine akashika moyo kama mwigizaji. "Kosa langu?"

"Ulimwambia mwanangu avue viatu. Akachomwa na mbigili. Akalia. Ukampiga picha ukawaambia watu wote hana viatu."

Kicheko hakikukatika mara moja, kilipungua upande mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoshuka kwenye basi. Nikamnyooshea Keza kidole, aliyekuwa kwenye nafasi yake kando ya ndoo, na viatu vyake vyekundu. Watu walitazama viatu, wakatazama bango, wakatazama viatu. Lorraine alikuwa bado anatabasamu. "Nina hatia, Mheshimiwa," akasema, akajipinda kuniinamia. "Adhabu?"

"Kwanza, toa ile."

Akaenda akalishusha bango mwenyewe, akalikunja, huku anatania kwamba upepo ungelichukua hata hivyo. Akarudi anapangusa mikono. Nadhani aliona imekwisha.

"Pili, vua viatu. Na soksi. Kaa pale juu ya kreti."

"Aa, mpenzi." Akacheka. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akitafuta wa kucheka naye. "Miguu ya mwanamke mzee? Watu wanakula!"

"Anayeshtaki ndiye anayechagua adhabu," nikasema. "Sheria yako."

Akaja karibu, akanishika mkono, akanong'ona, na sauti ile ya kufika barabarani ilikuwa imekwisha kabisa. "Tafadhali. Si miguu yangu. Si mbele ya watu." Hapo nikajua kwamba alikuwa anaelewa. Alielewa tangu mwanzo jinsi ilivyo mtu kuonyeshwa hadharani. Nikautoa mkono wake. Kev alikuwa ameinuka, anasema haya, haya, inatosha, ni mchezo, tunywe chai. Na wengine wakaanza kukubaliana naye, viti vinalia, watu wanataka kuinuka.

"Lipa," akasema Bibi Beryl.

Neno hilo sikuwahi kulisikia kwake. Kev akageuka. Bibi alikuwa amemkazia Lorraine macho, mdomo umepinda, mate yanamtoka, na mkono wake mzima umeshika tairi la kiti. "Lipa," akarudia, kwa nguvu zaidi, na watu wakakaa.

Lorraine akakaa kwenye kreti. Alivua kiatu kimoja, akavua cha pili. Akavua soksi. Vidole vyake vilikuwa vimepandana, mifupa imetokeza pembeni, kucha moja nyeusi. Akaifunika miguu kwa wigi lake la dekio, nikalichukua, nikaliweka mbali. Alilia bila sauti, pua ikaanza kumtoka, wala hakuwa na leso. Hakuna aliyepiga picha. Hakuna aliyejua afanye nini, wanaume wazima wanatazama biskuti.

Keza ndiye aliyejua. Hakuna aliyemtuma. Aliona mtu amekaa anaitazama miguu yake, analia, na kila mtu amenyamaza, na hilo lilikuwa jambo alilofundishwa. Akaishika ndoo kwa mikono miwili, akaiburuta mpaka kwenye kiti cha kwanza, akainua uso. "Huyu ni Lorraine," akasema. "Hana viatu. Msaidie."

Yule bwana wa soksi na kandambili akatia sarafu. Ilisikika ikigonga plastiki. Keza akasema asante sana, akaenda kiti cha pili. Ningeweza kumwita. Lorraine alinitazama, akinisihi kwa macho nimwite. Nikarudi nikasimama nyuma ya Bibi Beryl, nikamwacha mwanangu azunguke duara lote, kiti kwa kiti, huyu ni Lorraine, hana viatu, msaidie, na kila mmoja wao akatia, mpaka akafika kwangu. Nikatoa sarafu mfukoni na mimi nikatia, tena niliiachia kutoka juu, ili isikike.